Pete ya Uchumba: Kutoka Chuma hadi Kito

Katika hadithi mashuhuri iliyopokewa kwa Sahl bin Saad na kuhifadhiwa na Bukhari na Muslim, yasimuliwa ya kwamba mtu mmoja fakiri, aliyetaka kuoa na asiwe na cha kutoa mahari, aliamrishwa na Mtume aende akatafute walau pete ya chuma. Naye alipokwenda na kurejea mikono mitupu, hana kitu ila shuka aliyojifunga, akaozwa kwa ile Kurani aliyokuwa ameihifadhi kifuani. Masheikh wa mwambao wetu wameisomesha habari hii kizazi baada ya kizazi kwa ajili ya hukumu ya mahari. Mimi naitaja kwa sababu nyingine, nayo ni kwamba zaidi ya miaka 500 kabla yake, katika dola ya Warumi, Pliny Mkubwa, mwanachuoni aliyefariki mwaka 79 katika mlipuko wa mlima Vesuvius, aliandika kuwa hata katika zama zake, ambapo dhahabu ilikuwa tele mikononi mwa matajiri, mchumba wa kike alipelekewa pete ya chuma isiyo na kito. Chuma, basi, kina haki ya kutangulia katika tarikh hii, na haki hiyo yatuonyesha jambo ambalo wenye maduka ya vito wa leo hawapendi kulitaja: pete ilikubaliwa kuwa shahidi wa ahadi zamani sana, kabla haijakuwa mizani ya mali.

Dhahabu haikukawia kukipokonya chuma nafasi yake. Tertullian wa Carthage, akiandika karibu na mwaka 200 na kuwalaumu wanawake wa wakati wake kwa kujipamba mno, aliwakumbusha kuwa bibi zao hawakujua dhahabu ila katika chanda kimoja tu, kile ambacho mume alikiwekea rehani kwa pete. Chanda chenyewe kilikuwa na kisa chake. Aulus Gellius, wa karne ya pili, asimulia kutoka kwa mwandishi Apion kwamba Wamisri walipopasua miili ya maiti waliona mshipa mwembamba uliotoka katika kidole hicho cha mkono wa kushoto, pasipo vingine, ukaenda moja kwa moja hadi moyoni. Tabibu wa leo hauoni mshipa huo. Lakini wachumba waliuamini kwa karne nyingi, na hata sasa wako wanaovaa pete upande huo kwa itibari ya maneno ya Apion bila kulijua jina lake. Fauka ya hayo, masonara wa Kirumi walichonga juu ya pete mikono miwili ya kuume iliyoshikana, alama ya mapatano, nayo ikarithiwa na Ulaya ya Kikristo kwa zaidi ya miaka 1,000.

Kanisa nalo liliipokea pete bila taabu. Papa Nicholas wa Kwanza, alipowajibu Wabulgaria maswali yao mwaka 866, aliitaja pete ya uchumba kuwa rehani ya uaminifu. Almasi ilichelewa: aghalabu hutajwa ile ya mwaka 1477, mwanamfalme Maximilian wa Austria alipomposa Mary wa Burgundy, naye alikuwa mtu wa daraja ambayo raia wa kawaida hakuthubutu kuiiga.

Zama ninazozipenda zaidi ni zile pete ilipofundishwa kusema. Kuna pete ya Thomas Gresham, mfanyabiashara wa London aliyeoa mwaka 1544, iliyofanywa kwa duara mbili zilizoungwa kwa bawaba: zikichanuka, hubainika agizo la Injili juu ya ndoa, nusu yake imechorwa katika duara moja na nusu katika ya pili, hata lisisomeke kwa ukamilifu mpaka zote ziwe pamoja. Wasiokuwa na mali ya Gresham walichorewa maneno machache kwa ndani ya pete, pale yagusapo ngozi na yasipoonekana na mtu. Desturi hiyo ndiyo iliyomo katika tamthilia ya Shakespeare ambayo Mwalimu Julius Nyerere aliifasiri kwa jina la Mabepari wa Venisi, iliyochapwa mwaka 1969. Humo Gratiano, aliyeitoa pete ya mkewe kwa mtu asiyemjua kuwa ni mkewe yuyo huyo, ajitetea kuwa kilikuwa kijipete duni chenye maneno ya kawaida, naye mkewe, Nerissa, amjibu kwa hasira kuwa thamani na maneno si hoja, kwa kuwa yeye aliapa kuivaa hadi kufa. Tena humo humo, Shylock, mtu ambaye watazamaji wamekwisha kumhukumu, aambiwa kwamba binti yake aliyetoroka ameiuza pete ya feruzi kwa kununulia nyani, akalia kuwa pete ile alipewa na Lea, aliyekuja kuwa mkewe, wakati alipokuwa kapera, na kwamba asingaliitoa hata kwa mwitu mzima wa nyani. Kwa pigo hilo moja Shakespeare amempa Shylock ujana na mapenzi na ujane, na chombo cha kumpa vyote hivyo kilikuwa jiwe la bei nafuu.

Kisha almasi ikafika kwa wingi. Ilipatikana Afrika Kusini mwaka 1867, machimbo ya Kimberley yakafunguliwa mwaka 1871, na mwaka 1888 Cecil Rhodes na wenzake wakaunganisha makampuni kuwa De Beers, iliyodhibiti kiasi cha mawe kiingiacho sokoni ili bei isianguke. Ilipokuwa biashara imezorota, kampuni ikaajiri mwaka 1938 watangazaji wa Philadelphia, N.W. Ayer, na mwaka 1947 mwandishi wao Frances Gerety akatunga kauli fupi ya kuwa almasi hudumu milele, ingawa mwanakemia Lavoisier alikwisha kuonyesha katika karne ya 18 kuwa almasi huungua. Mwaka huo huo Binti Elizabeth wa Uingereza alivishwa pete ya uchumba ambayo almasi zake zilitolewa katika taji la mama wa mchumba wake, Alice wa Battenberg. Na mwaka huo huo, katika mgodi wa Mwadui uliogunduliwa na John Williamson mwaka 1940 huko Shinyanga, likatoka jiwe la waridi la karati 54.5, akatunukiwa Elizabeth kwa arusi yake, nalo likachongwa likabaki karati 23.6. Jiwe la Mwadui lilikuwa adimu kupita kiasi, walakini lilifanywa bizimu ya kifuani; yaliyoaminiwa kidoleni ni yale yaliyotoka kwa mama mkwe. Sidhani kuna hoja iliyo bora zaidi kwa wachumba wanaoingia dukani leo na kuulizwa kwanza wana fedha kiasi gani.

Katika mwambao wetu, tangu Lamu hata Kilwa, ahadi ya ndoa haikusimama juu ya pete. Ilisimama juu ya mshenga, mtu mzima mwenye heshima na ulimi wa taratibu apelekaye posa kwa wazee wa mwanamwali. Juu ya majibu yaliyongojewa kwa subira. Juu ya kilemba cha baba na mkaja wa mama. Na Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, katika Desturi za Waswahili kilichochapwa mwaka 1903 na Carl Velten, ameandika kwa urefu habari za posa na arusi. Pete huweza kuwa kishika uchumba pamoja na fedha taslimu au nguo, na kwa kuwa dhahabu ni haramu kwa wanaume Waislamu, ya bwana huwa ya fedha, pengine na akiki. Masonara wa Lamu hufanya pia pete zilizotiwa vigae vya kaure ya kale ya Kichina. Kigae hicho hakina bei sokoni, ila chabeba nasaba ya bandari iliyojuana na dunia, na mchumba aliyezaliwa Lamu hahitaji kuelezwa maana yake.

Na kwa atakaye kito cha Tanzania, mwaka 1967 tanzanaiti iligunduliwa Mererani, na mwaka uliofuata Tiffany wa New York wakaipa jina hilo. Wako wanaoikataa kwa uchumba kwa kuwa ugumu wake ni kati ya 6 na 7 katika kipimo ambacho almasi hupata 10. Mimi sikubaliani nao: feruzi ni laini kuliko hiyo, nayo pete ya Lea ilitunzwa tangu ukapera wa Shylock hadi binti yake alipofikia umri wa kuolewa. Sonara aambiwe tu mapema kuwa pete ni ya kuvaliwa kila siku, ili akilaze kito chini na kukizungushia ukingo wa madini, na mwenyewe aivue kabla ya kushika mchi.