Mbegu Haipokei Amri: Funzo la Vavilov na Lysenko

Kada hufundishwa kwamba siasa huongoza kila kazi, kilimo kikiwemo. Kauli hiyo ni sahihi, lakini ina mpaka wake. Historia ya Umoja wa Kisovieti inatuonyesha mpaka huo ulipo, na gharama ya kuuvuka.

Nikolai Vavilov alizaliwa Moscow mwaka 1887. Akiwa mkuu wa taasisi ya mimea mjini Leningrad, alizunguka dunia akikusanya mbegu. Mwaka 1927 alifika Ethiopia, akakuta aina nyingi mno za ngano katika mashamba ya wakulima wadogo. Hoja yake ilikuwa hii: ndani ya zao moja mna tofauti za kurithi. Mmea mmoja hustahimili joto, mwingine ukame, mwingine ugonjwa wa kutu. Hali ya nchi ikibadilika, inayofaa huzaa, isiyofaa hupotea. Pasipo tofauti, hakuna cha kuchagua.

Trofim Lysenko alipinga. Alidai kwamba mmea unaweza kufunzwa: mbegu ikiloweshwa na kupozwa kabla ya kupandwa, tabia mpya itarithiwa na vizazi vyake. Nadharia hiyo ilipendwa kwa sababu mbili: iliahidi mavuno ya haraka, na msemaji wake alikuwa mtoto wa mkulima. Kazi ya Vavilov ilihitaji miaka.

Vavilov alikamatwa Agosti 1940, akafa gerezani Saratov Januari 1943. Leningrad ilipozingirwa na majeshi ya Hitler, baadhi ya wafanyakazi wa taasisi yake walikufa kwa njaa huku wakiilinda akiba ya mbegu bila kuila. Mwaka 1948, katika mkutano mkuu wa wanasayansi wa kilimo, Lysenko alitangaza kwamba Kamati Kuu ya Chama imeipitisha hotuba yake. Mjadala ukafungwa. Waliompinga wakatubu hadharani au wakafukuzwa kazi. Yeye mwenyewe hakuondolewa katika uongozi wa taasisi ya urithi hadi 1965.

Je, nani alikuwa sahihi? Hali halisi imejibu. Watafiti walichukua mbegu za ngano mwitu na shayiri mwitu zilizokusanywa Israeli mwaka 1980, wakazilinganisha na za mahali pale pale za mwaka 2008. Zilipooteshwa pamoja, zile za 2008 zilichanua mapema zaidi kwa siku kumi hivi. Hakuna aliyezifunza. Katika miaka 28 ya joto lililozidi, mimea yenye urithi wa kuchanua mapema ndiyo iliyoacha uzao. Lakini watafiti hao waliona pia kwamba katika sehemu nyingi tofauti za kurithi zilikuwa zimepungua. Akiba hiyo haina budi kulindwa.

Ndugu, funzo letu ni mawili. Kwanza, kikao cha Chama kina uwezo wa kuamua nani apewe ardhi, mbolea na mkopo. Hakina uwezo wa kuamua mtama urithi nini. Anayenyamazisha mabishano ya kisayansi kwa jina la umma anauumiza umma huo huo. Pili, kada anayemwamuru mkulima atupe mbegu zote za wazee wake kwa ajili ya aina moja mpya, hata iwe bora kwa leo, anamnyima silaha ya kesho. Wahenga walisema: usiache mbachao kwa msala upitao.