Kabla ya kujenga Mpanda, fahamu hatua za upimaji ardhi

MJI wa Mpanda ulikua baada ya reli ya kutoka Kaliua kujengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kufuata madini ya risasi. Tangu Machi 2012 ndio makao makuu ya Mkoa wa Katavi, uliomegwa kutoka Mkoa wa Rukwa, na mahitaji ya viwanja vya maduka, maghala na nyumba za wageni yameongezeka. Pamoja na hayo, wapo wanaonunua ardhi kwa kuonyeshwa mti na kichuguu kuwa ndiyo mipaka.

Kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi namba 4 ya mwaka 1999, ardhi yote nchini ni mali ya umma chini ya udhamini wa Rais. Anachopata mwananchi ni haki ya kumiliki kwa muda, usiozidi miaka 99, na hati haitolewi kabla ya eneo kupimwa.

Kazi huanza na mchoro wa mipango miji, unaoonyesha matumizi ya kila kiwanja. Baada ya hapo mpima ardhi aliyesajiliwa huanzia kwenye alama za msingi za serikali, hupima pembe na umbali, kisha husimika mawe ya mipaka yenye namba. Ramani yake hupelekwa kwa Mkurugenzi wa Upimaji na Ramani ili iidhinishwe. Bila idhini hiyo, mawe yaliyosimikwa hayatoshi kupatia hati.

Jengo la biashara huhitaji zaidi ya hapo. Mpima huchora miinuko na mabonde ya eneo ili mhandisi ajue maji ya mvua yataelekea wapi, na msingi unapoanza kuchimbwa huonyesha kila nguzo itakaposimama.

Anayejenga kando ya barabara kuu au ya mkoa azingatie Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, iliyopanua hifadhi hadi mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Jengo lililoingia humo baadaye linaweza kubomolewa bila fidia, hata kama mwenyewe alikopa benki kulijenga.

Nje ya mji tahadhari ni kubwa zaidi, kwa kuwa sehemu kubwa ni ardhi ya vijiji, hifadhi za misitu na Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Ardhi ya kijiji husimamiwa kwa Sheria namba 5 ya mwaka 1999. Ikitakiwa kuhawilishwa kwa ajili ya mradi, eneo lisilozidi hekta 250 huamuliwa na mkutano mkuu wa kijiji. Saini ya mwenyekiti peke yake haitoshi.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, mnunuzi aende ofisi ya ardhi ya halmashauri na namba ya kiwanja, alinganishe ramani iliyoidhinishwa na mawe yaliyopo, na awaite majirani washuhudie. Gharama ya kumlipa mpima ni ndogo kuliko ya kuvunja ukuta uliokwisha kusimama.