Pishi na Nyongeza: Juu ya Istilahi Moja ya Mabenki

Mpwa wangu aishiye Columbus, katika jimbo la Ohio, Marekani, ambaye riziki yake huipata kwa ukalimani baina ya wenyeji wa huko na jamaa wa Kikongo waliohamia mji ule na Kiswahili chao, aliniletea waraka mfupi usemao: "Shikamoo mjomba. Nimekwama. Nilikaa benki na mama mmoja wa makamo, karani akamsomea habari za kadi tatu, kila kadi na zawadi zake, nami nikatamka 'zawadi' mara saba au nane, mpaka mama yule akaniuliza ni sikukuu gani inayowafanya watu hawa wawe wakarimu namna hii. Sikuwa na jawabu. Neno lake hasa ni lipi?"

Swali la mama yule nimelitia moyoni kuliko alivyolitia mpwa wangu, kwa kuwa mtu asiye na ujuzi wa mabenki aliisikia kwa sikio tu kasoro ambayo sisi wenye kamusi tumeipita mara nyingi bila ya kuiangalia: kwamba zawadi, kwa Kiswahili, hapana budi iwe na mtoaji aliyetoa kilicho chake, kwa hiari yake, wala hangoji malipo. Yamkini kitolewacho na kadi hizi kikawa kitu chema, lakini sifa hizo tatu hakinazo hata moja.

Tuanze na kadi yenyewe. Neno la Kiingereza lililo nyuma yake latokana na kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kuamini, nao Waarabu walipotaka kulipatia jina katika lugha yao waliliendea shina lile lile ambalo kwetu limezaa imani, amini na amana. Sisi tulisema kadi ya mkopo, na hapo imani ikaanguka njiani, likabaki deni. Sisemi kuwa ni kosa, ila ni hasara, maana lugha yetu ilikuwa nayo tangu zamani mali kauli, yaani bidhaa azichukuazo mtu ghalani kwa ahadi ya mdomo tu, auze kwanza kisha alipe. Na mtu aliyepewa mali kauli alijua kwamba kilichowekwa rehani ni jina lake. Kadi ya mkopo ni kauli iliyotiwa ndani ya plastiki. Fauka ya hayo, watunga kamusi wa zamani walikipa kitenzi kukopa maana mbili zilizokaa mlango mmoja, kuchukua kwa deni na kupunja kwa hila, jambo ambalo laonyesha kwamba wahenga wa pwani hawakuwa na ghururi juu ya shughuli hii. Mimi binafsi hupenda kusema kadi ya karadha, lakini wasemaji wamekwisha kukata shauri, na mwandishi hana jeshi.

Kadi hizi hazikuzaliwa pamoja na zawadi. Ilipotoka kadi ya Diners Club mjini New York mwaka 1950, na hata Bank of America ilipowapelekea wakazi wa Fresno, California, kadi zipatazo 60,000 katika Septemba ya mwaka 1958, pasipo wao kuziomba, hapana aliyeahidiwa kitu ghairi ya karadha yenyewe, nayo ilitosha kuwa chambo. Mambo yaligeuka baada ya mwaka 1978, pale Mahakama Kuu ya Marekani ilipoamua kwamba benki yaweza kumtoza mteja wa jimbo la mbali riba iruhusiwayo katika jimbo la makao yake. Basi Citibank, iliyokuwa imefungwa mikono na sheria za riba za New York, ikaihamishia kazi yake ya kadi mji wa Sioux Falls, South Dakota, jimbo lililokuwa limekwisha kuondoa kikomo cha riba. Na mwaka 1981 jimbo la Delaware nalo likafungua mlango wake. Katika Mei ya mwaka huo huo, shirika la ndege la American Airlines lilianza kuwahesabia abiria wake maili walizosafiri na kuwapa tikiti kwa maili hizo. Mwaka 1986 duka kubwa la Sears liliieneza nchi nzima kadi yake ya Discover, iliyomrudishia mnunuzi sehemu ya fedha aliyotumia, na mwaka uliofuata Citibank ikaungana na American Airlines, ikawa mtu apata maili za ndege kwa kununua viatu. Sidhani kwamba ni sadfa zawadi kuandamana na riba kwa karibu namna hiyo: tangu karadha ilipoanza kumletea mkopeshaji faida isiyo na kikomo, kila benki ilimtaka mkopaji wa mwenziwe, na chambo kilichotosha jana hakikutosha tena.

Wapi, basi, hutoka fedha ya zawadi? Mnunuzi akilipa dola 100 dukani kwa kadi, mwenye duka hazipati zote 100. Hupata 97 au 98, na zile mbili tatu zilizokatwa hugawanywa, fungu kubwa likaenda kwa benki iliyotoa kadi, na mafungu madogo kwa benki ya mwenye duka na kwa kampuni ya mtandao upitishao malipo. Hapa watu wengi huchanganyikiwa, kwa kuwa jina lililochapwa kwa herufi kubwa silo la mkopeshaji. Visa na Mastercard hazimkopeshi mtu hata senti. Hizo ni njia tu, na benki ndiyo ipitayo juu ya njia. American Express tangu zamani imekuwa njia na mpitaji kwa pamoja, na kadhalika Discover, ambayo katika Mei ya mwaka 2025 ilinunuliwa na benki ya Capital One, pamoja na njia yake. Duka la Costco, mwaka 2016, liliiacha American Express likashika Citi na Visa, na mteja akaendelea kubeba kadi yenye jina la duka lile lile, ilhali mdai wake amekuwa mwingine. Kadi ya Apple nayo, ilipotoka mwaka 2019, ilikuwa deni la benki ya Goldman Sachs. Mtu afananishaye kadi na kadi pasipo kuuliza benki iliyo nyuma yake ni kama bwana harusi aliyeposa kanzu.

Katika biashara ya pwani, kazi hii ingeitwa udalali. Dalali huwakutanisha muuzaji na mnunuzi, huchukua ujira wake kwa muuzaji, na akiwa mjanja humtilia mnunuzi mkononi kipande cha ujira ule ili kesho asiende kwa dalali mwingine. Muuzaji naye, kwa kuwa si mjinga, huuingiza ujira wa dalali katika bei. Ushahidi wa jambo hili tunao kutoka nchi zilizoukata ujira huo kwa sheria. Umoja wa Ulaya, mwaka 2015, uliwekea kikomo cha asilimia 0.3 fungu liendalo kwa benki katika malipo ya kadi za mkopo, na Australia ilikuwa imekwisha kufanya mfano wa hayo mwaka 2003. Na kote huko zawadi zilinyauka. Marekani yenyewe, sheria ya mwaka 2010 ilipobana ada za kadi zitoazo fedha iliyomo katika akaunti, mabenki mengi yalizifuta zawadi za kadi hizo, yakaziacha za kadi za mkopo ambazo ada yake haikuguswa. Ukarimu upandao na kushuka kwa kanuni ya ada si ukarimu, ni hesabu.

Maadamu tumeijua asili yake, na tuyapime majina. Thawabu ni neno tukufu, na asili yake katika Kiarabu ni kurudi, yaani jambo limrudialo mtu kwa tendo lake, hata ungedhani limeumbwa kwa ajili ya kadi irudishayo fedha. Lakini Mswahili aliyelelewa pwani hawezi kuisikia thawabu ikitajwa pamoja na mkataba wa riba pasipo kucheka au kukasirika, nami sitamlaumu kwa lolote kati ya hayo mawili. Tuzo hutoka katika kutuza, na mtu hutuzwa kwa sauti yake au kwa mchezo wake mzuri. Mwenye kadi amecheza ngoma gani? Bakshishi hupewa aliyetumika, na hapa atumikaye si mnunuzi. Pointi ni neno la watu, na Kenya limetiwa nguvu na kampuni ya Safaricom tangu mwaka 2007 kwa zile pointi zake za Bonga, wala sioni haja ya kulifukuza. Ila pointi ni kipimo cha kitu, si kitu chenyewe, kama vile kilo isivyokuwa sukari.

Lililonishughulisha zaidi ni marejesho. Kwa mtazamo wa kamusi ndilo neno sahihi kupita yote kwa fedha irudishwayo na kadi, na nimeliona likitumiwa na watafsiri wenye bidii. Lakini jaribu kumwambia mama ntilie wa Dar es Salaam, aliyechukua mkopo wa kikundi, kwamba umemletea habari ya marejesho, uone uso wake utakavyobadilika! Kwake marejesho ni fedha itokayo mkononi mwake kila wiki, kwa siku iliyotajwa, mvua inyeshe au jua liwake. Neno moja limebeba fedha ziendazo pande mbili zilizo kinyume, na msomaji atakayedhani benki yamlipa ilhali yamdai atakuwa amepotezwa na mtafsiri.

Nikabakiwa na nyongeza. Mchuuzi wa sokoni akishakupimia pishi yako ya mchele hutia mkono guniani, akakumwagia ukufi mmoja juu yake, ndiyo nyongeza. Hapana mnunuzi aiitaye zawadi, na hapana mchuuzi aihesabuye kuwa hasara, kwa kuwa wote wawili wajua kwamba ukufi ule umo katika bei tangu gunia lilipofunguliwa, nao hutolewa kwa kusudi la kumrudisha mnunuzi kesho. Neno hili lina insafu: halimtukani mtoaji wala halimtukuzi.

Tena lina faida nyingine, nayo ni kumkumbusha mtu pishi. Wapo wanunuzi wamkimbiliao mchuuzi mwenye ukufi mnono, wasitazame kwamba pishi yake imebonyea kitako. Chukua mtu atumiaye dola 1,000 kila mwezi kwa kadi irudishayo asilimia 2. Kwa mwaka atapata dola 240. Lakini akiacha deni la dola 1,000 tu lilale mwaka mzima, kwa riba ya asilimia 21, ambayo ndiyo hali ya kadi nyingi za Marekani katika miaka hii, atatoa dola 210, na nyongeza yote itakuwa imerudi guniani, isipokuwa dola 30 za kununulia chai. Kadi ikiwa na ada ya mwaka ya dola 95, hata chai hana. Wala pointi haina thamani isimamayo: aliyeichapa ndiye aipangiaye bei, na maili zilizotosha tikiti mwaka jana huenda zisitoshe mwaka huu, pasipo mwenyewe kuulizwa.

Haimaanishi kwamba hakuna apataye. Mwaka 2016 benki ya JPMorgan Chase ilitoa kadi yake ya Sapphire Reserve, yenye ada ya dola 450 kwa mwaka na pointi 100,000 kwa wenye kuianza, na watu wakaikimbilia hata mkuu wa benki akatangaza kwamba faida ya robo ya mwisho ya mwaka ingepungua kwa dola milioni 200 mpaka 300. Walipao deni lao lote kila mwezi hufaidi kweli, na aghalabu hao ni wenye uwezo. Watafiti wa tawi la Boston la benki kuu ya Marekani walikisia mwaka 2010 kwamba, kwa wastani, kaya itumiayo fedha taslimu huwalipa wenye kadi dola 149 kwa mwaka kwa njia ya bei za madukani, na kaya itumiayo kadi hupokea dola 1,133. Basi ukufi alioutia mchuuzi katika kikapu changu hakuutoa guniani mwake. Aliupunguza katika pishi ya jirani yangu.

Nilimjibu mpwa wangu kwamba aseme nyongeza, na nikamweleza sababu kwa kifupi kuliko nilivyoeleza hapa. Baada ya siku chache akaniandikia tena. Alikwenda na mama yule benki ya pili, ili afananishe, na karani alipoanza kuzisifu kadi zake, mpwa wangu akatafsiri nyongeza, akaongeza mfano wa mchele. Mama akaitikia kwa kichwa. "Ah, matabishi," akasema, kwa neno la kwao Kongo, kisha akamgeukia karani mwenyewe. "Na bei yake iko ngapi?"