Nani Alijengewa Njia? Somo la Usafiri Kutoka Bariadi

Hivi karibuni nilisafiri kutoka Mwanza hadi kijiji kimoja wilayani Itilima. Basi lilinishusha Lamadi, gari dogo likanifikisha Bariadi mjini, na bodaboda ikamalizia safari juu ya udongo mweusi wa mbuga, ule ambao mvua ikinyesha hung'ang'ania magurudumu. Njiani nilijiuliza: kwa nini sehemu fupi kuliko zote ndiyo iliyokuwa ngumu kuliko zote?

Jibu limo katika historia. Reli ya Kati iliyojengwa na Wajerumani ilifika Tabora mwaka 1912. Waingereza wakaongeza tawi la Tabora hadi Mwanza, lililokamilika mwaka 1928. Katika eneo ambalo leo ni Simiyu, tawi hilo lilipita Malampaka, Maswa; Bariadi haikupata reli. Shabaha yake haikuwa kumwezesha Msukuma kuwatembelea wakwe zake. Mkoloni alitaka pamba ifike bandarini.

Wakulima hawakukaa kimya. Mwaka 1955 vyama vyao vya ushirika viliunda shirikisho la Kanda ya Ziwa, chini ya Paul Bomani, ili wauze pamba yao wenyewe. Na fedha ya pamba ilipopatikana, wengi walinunua baiskeli. Hicho kilikuwa chombo chao wenyewe: kilibeba gunia, mgonjwa na bibi harusi, na kilipita kwenye vijia ambavyo hakuna mhandisi aliyevichora. Bodaboda ya leo ni mrithi wake halali.

Simiyu ilipata hadhi ya mkoa mwaka 2012. Leo lami inatoka Lamadi, inapita Bariadi na Maswa, hadi Mwigumbi. Ni hatua kubwa, na asiyeisifu hana shukrani. Hata hivyo, wakala wa barabara za vijijini na mijini, TARURA, ulianzishwa mwaka 2017 tu, zaidi ya nusu karne baada ya Uhuru. Mpangilio huo una ujumbe: kwanza njia ya mzigo, kisha njia ya mtu.

Ndugu zangu watumishi wa umma, mnapoandika taarifa za barabara, msihesabu kilomita za lami peke yake. Andikeni pia mjamzito wa kijijini Meatu hutumia saa ngapi kufika hospitali mwezi Machi, na humlipa nani ili afike. Mkoloni hakuuliza swali hilo. Sisi tuna udhuru gani?