Machicha, Mrija na Bondo la Sangara

Wasomaji wetu, mara nyingi tumesikia ikinenwa kwamba kuing'arisha pombe ni elimu ya viwandani tu, na ya kuwa wazee wetu walikunywa machicha bila kujali. Tukiyachungua mambo ya kale ya nchi ya Mara, twaona kwamba sivyo.

Toka Butiama hata Bunda pombe ilipikwa kwa ulezi na mtama. Nafaka ililowekwa ikachipua, ikaanikwa, ikasagwa, ikatiwa katika uji, kisha ikaachwa ichachuke. Wengine waliichuja kwa kung'uto. Wengine, kama Wajaluo wa Rorya, walikizunguka chungu kimoja, wakanywa kwa mirija mirefu yenye kichujio kidogo nchani. Machicha yalibaki chunguni. Pombe ilibaki na ukungu wake, wala haikudhuru neno, maana ilinywewa kabla haijaharibika.

Chupa ndiyo iliyoleta shida mpya. Pombe isiyokwisha kuchachuka ikifungwa, hamira huendelea kula sukari na kutoa hewa, hata chupa hupasuka. Tena hamira haikamatwi na kung'uto: chembe mia zikipangwa mstari hazizidi milimita moja. Basi kwanza yapasa kungoja, ndipo ing'arishwe.

Watu wa Ulaya walitumia bondo la samaki, yaani mfuko wake wa hewa. Huoshwa, hukaushwa, huyeyushwa katika maji baridi yenye ukali kidogo, kwa kuwa moto huliondolea nguvu. Likikorogwa katika pombe huvutana na hamira, vikashikamana, vikazama pamoja. Zamani bondo hilo lilitoka Urusi kwa bei kubwa. Yapata mwaka 1795 fundi William Murdoch akaonyesha kwamba samaki wa bei nafuu aitwaye kodi aweza kutumika badala yake. Mwaka 2015 kiwanda cha Guinness kilitangaza kuliacha bondo.

Nasi je? Sangara si mzaliwa wa Victoria Nyanza. Alitiwa humo katika miaka ya 1950 na 1960. Leo bondo lake huanikwa Musoma, likauzwa ng'ambo kwa bei ipitayo sana ile ya mnofu. Lililo kubwa huliwa Asia, na jingine hung'arisha vinywaji. Hivyo mvuvi wetu husafisha bilauri asiyoiona, na tamaa ya bei hiyo huwaponza samaki wakubwa wazaao.

Lakini tusidanganywe na weupe. Gongo hung'aa kama maji ya chemchemi, nayo imepofusha watu na kuwaua. Pombe ya ulezi ina ukungu, na haikumpofusha mzee yeyote kwa ukungu wake. Ung'avu huonyesha tu kwamba machicha yameondoka. Yaliyobaki ndani, jicho haliyaoni. Hayo huulizwa kwa aliyepika.