Taulo Mbili za Kisiwa cha Blackwell

Sisi tuishio kando ya mto Sigi na katika vilima vya Usambara hatuhitaji kuelezwa Lutindi ni mahali gani, kwa kuwa nyumba ile, ambayo wamisheni wa Kijerumani waliianzisha mwaka 1896 ili kuwahifadhi watoto waliokombolewa utumwani, kisha ikageuzwa kuwa hospitali ya wagonjwa wa akili, imetajwa vinywani mwa watu tangu zama za babu zetu. Wachache, hata hivyo, waijua habari ya mwanamke wa Marekani ambaye, miaka 9 kabla ya nyumba hiyo kuanzishwa, alijitia wazimu kwa hiari yake apate kuona wagonjwa kama hao walivyotendewa.

Jina lake Elizabeth Cochran, lakabu yake Nellie Bly. Mwaka 1887, akiwa na umri wa miaka 23, akiliandikia gazeti la New York World, alipanga katika nyumba ya wanawake, akakesha usiku kucha akinena maneno yasiyo na mwanzo wala mwisho, hata wenziwe wakaingiwa na hofu. Akafikishwa kwa hakimu, na matabibu wakathibitisha kuwa ni mwendawazimu.

Alipotia mguu Kisiwa cha Blackwell huko New York, katika hospitali ya wendawazimu alikopelekwa, aliacha hila zote, wala haikumfaa kitu, kwani kadiri alivyosema kwa akili ndivyo walivyozidi kumdhania kichaa. Alimwagiwa ndoo za maji ya baridi kichwani. Alikalishwa kutwa juu ya benchi, marufuku kusema wala kujinyosha. Akaona taulo mbili za kukwaruza zikipokezanwa, mwenye vidonda usoni akijifuta kwanza, na mwenye ngozi safi akimfuatia. Kilichonichoma zaidi ni habari ya mwanamke wa Kijerumani asiyejua Kiingereza, aliyefungiwa humo bila kupewa mkalimani: dhuluma gani ipitayo hiyo, mtu kuhukumiwa hana akili kwa lugha asiyoifahamu?

Baada ya siku 10 wakili wa gazeti alimtoa. Makala zake zilipotoka Oktoba, baraza la raia walioapishwa lilikwenda naye kisiwani kuchunguza, na fedha za kuwatunza wagonjwa zikaongezwa.

Nawe msomaji, ukiwa na ndugu yako Lutindi au katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mirembe, panda gari ukamtazame. Muulize amekula nini, ameoga maji gani, nawe umsikilize mpaka amalize.