Rangi ya Mbele ya Treni ni ya Anayevuka Reli

Reli haikuwahi kupanda Lushoto. Ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893, ikafika Mombo mwaka 1905, kisha ikaambaa chini ya Usambara kupitia Mkumbara na Buiko hadi Moshi mwaka 1911, na Arusha mwaka 1929. Mtu wa milimani aliyetaka kusafiri kwa treni aliteremka Mombo. Wakazi wa bondeni, hata wasio na safari, walilazimika kuivuka reli wakienda shambani, sokoni na shuleni.

Enzi za mvuke, garimoshi lilijitangaza lenyewe: moshi ulionekana kwa mbali na kishindo kilitangulia. Kwa hiyo rangi ilibaki kuwa pambo. Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, lililoundwa mwaka 1948, lilipaka vichwa vyake vya mvuke rangi ya damu ya mzee. Vilivyosifika zaidi ni vile 34 vya daraja la 59, vilivyoundwa na Beyer Peacock ya Manchester mwaka 1955 na 1956 kwa ajili ya njia ya Mombasa na Nairobi. Vilipewa majina ya milima, na namba 5930 ikaitwa Shengena, kilele cha milima ya Upare, jirani na Usambara. Leo imehifadhiwa Nairobi. Damu ya mzee ni rangi yenye heshima, lakini jua likizama haitofautiani sana na kivuli cha miti.

Injini ya dizeli iliondoa moshi ule mzito. Hatari ilizidi kwa mabehewa ya abiria yenye injini ndani yake, ndugu wakubwa wa kiberenge: ni mafupi, mepesi, na hayana kichwa kirefu mbele. Marekani, kampuni za reli zilianza kuchora mistari ya mshazari kwenye nyuso za magari ya aina hiyo, na Santa Fe ikavipaka vichwa vyake vyeusi vya dizeli mistari ya pundamilia. Uingereza ilianza na michirizi mfano wa sharubu katika miaka ya 1950. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikaongeza kibao cha njano, na kabla ya muongo kwisha uso mzima ukawa wa njano. Sharti hilo lililegezwa mwaka 2016 kwa treni zenye taa za mbele zenye nguvu ya kutosha.

Njano ilichaguliwa kwa sababu jicho huinasa upesi, hata katika mwanga hafifu. Na anayehitaji kuinasa si abiria aliyeketi ndani, ni mwenye baiskeli, bodaboda au mzigo kichwani anayekata shauri kwa sekunde chache: nivuke au nisubiri?

Swali hilo limerudi kwetu. Treni ya abiria kutoka Dar es Salaam ilirejea Moshi Desemba 2019, na Arusha Oktoba 2020, baada ya miaka mingi ya ukimya. Kuna vijana wa Korogwe na Mombo waliokulia kando ya reli isiyo na treni ya abiria. Kenya nayo ilinunua treni za dizeli zilizotumika Hispania, zikaanza kubeba abiria Nairobi mwaka 2020.

Basi karakana zetu zihesabu rangi ya mbele kuwa kifaa cha usalama, sawa na breki na honi. Ioshwe, ipakwe upya inapofifia, na taa ziwake hata mchana. Gharama yake ni ndogo, na anayenufaika ni mtu ambaye hata tiketi hakukata.